Mafundi Wanajibu: GPS kwenye Pikipiki Bila Kuua Betri

Mwezi huu barua nyingi zimetoka Dodoma na wilaya zake, na karibu zote zinauliza jambo moja: umeme wa GPS, au wa simu inayotumika kama GPS, uchotwe wapi kwenye pikipiki. Tunaelewa kwa nini. Mji umetanuka kuliko kumbukumbu ya dereva, na siku hizi mteja wa Iyumbu hakuelekezi kwa mbuyu wala kwa duka, anakutumia lokesheni. Ramani ikikaa wazi tangu asubuhi, chaji ya simu haifiki adhuhuri. Barua ya kwanza tumeijibu kwa urefu kwa sababu ndiyo inayobeba nyingine.

Mambo mafundi. Nasambaza vifurushi kwa pikipiki ya cc 150, nazunguka Mtumba, Ihumwa, Kisasa mpaka Nala. Nimenunua GPS ya mtumba iliyotoka kwenye gari. Waya wake unaishia kwenye kichwa cha kuchomeka tundu la kiberiti. Mwenzangu kijiweni anasema nikate kile kichwa, mwekundu niunge kwenye chanya, mweusi kwenye hasi, kazi imeisha. Ni sawa? – Msambaza vifurushi, Ihumwa

Si sawa kaka, na tafadhali usikate. Ndani ya kile kichwa mna sakiti ndogo inayoshusha volti 12 za gari ziwe volti 5, na GPS yako inahitaji hizo 5. Ukiunga waya moja kwa moja kwenye betri, unaisukumia volti 12 mpaka 14 kupitia tundu la volti 5. Mara nyingi hata moshi hutauona. Kioo kinazima na hakiwaki tena.

Kama kile kichwa bado ni kizima, unaweza kufunga tundu la kiberiti kwenye pikipiki ukakichomeka humo. Sisi hatuipendi njia hiyo. Kichwa cha kiberiti kinashikwa na springi tu, na kwenye barabara ya vumbi yenye matuta kinacheza, kinakatika na kurudi mara kumi kwa dakika. Nunua kishusha umeme cha pikipiki chenye tundu la USB, kilichozibwa maji na kilichoandikwa kuwa kinapokea volti 12 hadi 24. Hiyo 24 haimaanishi pikipiki yako itafika huko. Maana yake ni kwamba kifaa kinastahimili umeme unaporuka. GPS zilizotengenezwa kwa ajili ya pikipiki, kama Garmin zūmo au TomTom Rider, huja na kitako chenye waya za kuungwa kwenye volti 12, na kazi ya kushusha umeme inafanyika humo humo. Soma kibandiko kabla ya kushika bisibisi.

Sasa hesabu. GPS inayoonyesha ramani huku ikichaji betri yake hula ampea 1 hadi 2 kwa volti 5, yaani wati 5 hadi 10. Kishusha umeme hupoteza sehemu kidogo kwa joto, tuseme asilimia 15, hivyo kwenye betri zinatoka kama wati 12, sawa na ampea 1. Linganisha na taa ya mbele ya wati 35 au balbu moja ya indiketa ya wati 10. Mzigo ni mdogo na pikipiki nzima inauweza. Shida huanza pale pikipiki yenyewe ina ugonjwa ambao ulikuwa hujaujua.

Kwa hiyo ipime kwanza. Weka maltimita (mita ya kupimia umeme) kwenye volti za DC (umeme wa betri), skeli ya 20, mkono mwekundu kwenye chanya ya betri na mweusi kwenye hasi. Pikipiki iliyolala usiku kucha bila kuwashwa isome 12.6 au zaidi. Ikisoma 12.4 betri ina kama robo tatu, na 12.0 ni karibu tupu. Kisha washa injini, vuta mafuta kiasi: namba ipande mpaka kati ya 13.5 na 14.8. Ikibaki kwenye 12 na kitu, chaji haifiki, na tatizo liko kwenye koili za magneti (zinazozalisha umeme injini ikizunguka), rekitifaya (inayougeuza umeme huo uwe wa betri na kuuzuia usizidi) au konekta iliyoungua. Ikipita 15, rekitifaya imeshindwa kuzuia umeme na itakuharibia betri na GPS pamoja. Katika hali zote mbili, rekebisha kwanza, GPS isubiri.

Vitu vya kununua: kishusha umeme, waya laini wa nyuzi nyingi wa milimita 1 ya mraba, mita 2 mwekundu na mita 2 mweusi (waya mgumu wa kufungia nyumba haufai, mtikisiko unaukata), vishikio viwili vya fyuzi vyenye mfuniko wa mpira, fyuzi moja ya ampea 3 na moja ya ampea 2, pamoja na za akiba, relei (swichi inayowashwa na umeme mdogo) ya volti 12 yenye miguu minne, vipete vya kubana vya kufunga kwenye betri, mirija ya kusinyaa kwa joto, na tai za plastiki.

Kazi yenyewe. Zima funguo, kisha fungua waya wa hasi wa betri kwanza, halafu wa chanya. Ukianza na chanya, spana ikigusa bodi unapata shoti kubwa mkononi, maana bodi yote ni hasi. Kwenye kichwa cha chanya toa waya mwekundu, na kishikio cha fyuzi ya ampea 3 kiwe karibu na betri kadiri inavyowezekana, isizidi sentimita 15. Fyuzi ipo kwa ajili ya kulinda waya. Ukiiweka kule kwenye usukani, urefu wote wa waya chini ya tanki unabaki bila ulinzi, na pale ndipo unaposuguana na bodi huku tanki la mafuta likiwa juu yake.

Waya uliopita kwenye fyuzi uingie mguu namba 30 wa relei. Mguu 87 uende kwenye chanya ya kishusha umeme. Mguu 85 uende kwenye hasi ya betri. Mguu 86 ndio unaoamsha relei: upelekee umeme kutoka kwenye waya unaopata volti 12 funguo ikifunguliwa tu, ukiupitishia fyuzi ya ampea 2. Hasi ya kishusha umeme nayo irudishe mpaka kwenye hasi ya betri. Usiing'ang'anize kwenye boliti yoyote ya bodi, kwa kuwa rangi na kutu huzuia umeme.

Ule waya wa funguo unaupata wapi? Mahali rahisi ni swichi ya breki. Zinaingia waya mbili: mmoja una volti 12 muda wote funguo ikiwa wazi, wa pili unapata umeme ukikanyaga breki tu. Unauhitaji wa kwanza. Ukikosea, GPS itawaka kila unapofunga breki na kuzima ukiachia, jambo ambalo tumeliona limefanyika kwa uaminifu kabisa. Rangi zisikudanganye. Pikipiki zinazofuata mtindo wa Honda huwa na waya mweusi kwa umeme wa funguo na wa kijani kwa hasi, ilhali Yamaha mweusi ndiyo hasi na wa kahawia ndio wa funguo. Zaidi ya hayo, pikipiki ya mkono wa pili imeshapita kwa mafundi wengi. Pima kila waya kabla ya kuugusa.

Wengine watakuambia relei ya nini kwa ampea moja, unga moja kwa moja kwenye huo waya wa funguo. Inawezekana, ukiweka fyuzi hapo hapo. Lakini pikipiki nyingi zina fyuzi kuu moja, na waya huo wa funguo ndio unaolisha honi, indiketa na wakati mwingine hata moto wa plagi. Sisi tunapenda mzigo mpya uwe na njia yake kutoka kwenye betri, ili ukiharibika uzime peke yake.

Pitisha waya chini ya tanki kufuata njia ya waya za kiwandani, mbali na ekzosi, mbali na kichwa cha injini, na usiulaze sambamba na waya mnene wa plagi. Kwenye shingo ya usukani acha ulegevu, kisha geuza usukani kulia mpaka mwisho na kushoto mpaka mwisho. Waya usikazike wala usibanwe. Rudisha betri, chanya kwanza, hasi mwisho. Pima kwenye waya za kishusha umeme: funguo wazi, 12 na kitu, funguo imefungwa, sifuri. Hapo ndipo uchomeke GPS, si kabla.

Neno moja la nyongeza juu ya GPS ya mtumba: betri yake ya ndani huenda imechoka. Ikizima papo hapo unapofunga funguo, hakuna kosa ulilofanya. Lakini mgongo wake ukiwa umevimba, itoe betri hiyo. Usiichaji tena, hasa kwenye jua la Dodoma.

Fundi wa jirani aliniunganishia chaja ya USB kwenye waya wa taa ya mbele. Ilifanya kazi siku mbili ikafa. Akaweka nyingine, nayo ikafa. Anasema chaja za siku hizi ni feki. Betri yangu ilikufa zamani, natumia kiki. – Bodaboda, Nkuhungu

Chaja inaweza kuwa nzuri kabisa. Kwenye pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele haitumii betri. Inachukua umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili ya magneti, na huo ni umeme unaogeuka mbele na nyuma, yaani AC, kama ule wa ukutani lakini wa volti chache. Mita ikisoma AC volti 13, kilele chake kinaweza kupita volti 18, halafu nusu ya muda umeme unakuja kinyume. Balbu haijali. Chaja iliyotengenezwa kwa umeme wa betri inachemka, kapasita zake zinavimba, inakufa.

Huna haja ya mita ili kujua aina ya taa yako. Betri ikiwa na chaji, fungua funguo bila kuwasha injini, washa taa. Ikiwaka vizuri, inalishwa na betri. Ikikataa mpaka injini iwake, kisha mwanga ukapanda na kushuka kadiri unavyovuta mafuta, hiyo ni ya magneti, usiunge kitu chochote cha elektroniki hapo. Angalia pia taa ya nyuma na ya dashibodi: kwenye baadhi ya pikipiki nazo zinalishwa na koili hiyo hiyo. Honi, indiketa na taa ya breki huwa upande wa betri.

Sasa hilo la betri. Hapa tunaomba utusikilize, kwa sababu tunajua wengi mnaendesha hivyo. Rekitifaya imetengenezwa ifanye kazi ikiwa na betri. Betri ndiyo inayomeza mawimbi ya umeme na kuyatuliza. Ukiitoa, au ikiwa imekufa kabisa, volti kwenye waya zinaruka kila unapovuta mafuta na kuanguka injini inaporudi kwenye sailensa (kunguruma taratibu bila kuvutwa mafuta). Kiki itawasha pikipiki na utafanya kazi, lakini chaja zitakuwa zinakufa mkononi mwako mmoja baada ya mwingine, na simu ya mteja siku moja itafuata. Bei ya betri ndogo ya Ah 5 (ampea-saa, kipimo cha umeme inaobeba) ilinganishe na chaja mbili ulizokwishazika na simu iliyo hatarini, kisha uamue.

Habari zenu. Mimi ni mhudumu wa afya wilayani Chemba, natembelea vijiji kwa pikipiki ya ofisi. Siruhusiwi kukata waya wowote wa pikipiki. Nahitaji ramani iwake kutwa. Nifanyeje? – Mhudumu, Chemba

Nzuri, dada, na hongera kwa kazi. Una njia mbili zisizogusa waya za kiwandani.

Ya kwanza ni waya wenye vipete viwili na fyuzi, unaofungwa kwenye vichwa vya betri juu ya vile vilivyopo, ukiishia kwenye konekta yenye mfuniko. Hakuna kinachokatwa, na siku ya kurudisha pikipiki unafungua boliti mbili tu. Udhaifu wake ni kwamba umeme unakuwepo hata funguo ikiwa imefungwa, kwa hiyo jizoeze kuchomoa kila unaposhuka. Mwombe fundi wa ofisi aufunge yeye.

Ya pili ni pawabenki. Ya mAh 10,000 ina kama Wh 37 (wati-saa) ndani. Baada ya upotevu utapata karibu 30. Simu yenye ramani na kioo chenye mwanga mkali hula wati 3 hadi 5, hivyo una saa 6 mpaka 10. Iweke kwenye mfuko wa begi, si juani. Zaidi ya yote, pakua ramani ya Chemba na Kondoa kwenye simu ukiwa mahali penye mtandao. GPS inapokea ishara ya setilaiti na haihitaji bando. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani. Ukishaipakua, zima data. Simu isiyovuta data kutwa inakaa na chaji muda mrefu zaidi.

Nikiiacha pikipiki wiki mbili nikisafiri, narudi betri haina kitu. Kabla ya kufunga chaja haikuwa hivyo. – Mtumishi, Ilazo

Chaja yako imeungwa moja kwa moja kwenye betri. Hata bila simu, sakiti yake na ile taa ndogo ya buluu vinakunywa umeme. Tuseme ni miliampea 20. Kwa siku ni Ah 0.48, kwa siku kumi karibu Ah 5, na betri za pikipiki zetu nyingi ni kati ya Ah 2.5 na 9. Tundu lenye kipimo cha volti cha taa nyekundu hunywa zaidi.

Thibitisha kwa kupima. Funguo ikiwa imefungwa, fungua waya wa hasi. Hamisha mkono mwekundu wa mita kwenye tundu la 10A, na skeli iwe 10A. Mkono mmoja ugusishe kichwa cha hasi cha betri, mwingine waya uliofungua, ili umeme upite ndani ya mita. Ikisoma karibu sifuri, rudisha mkono mwekundu kwenye tundu la mA na ushuke kwenye skeli ya miliampea. Usifungue funguo wala kubonyeza stata mita ikiwa hapo, fyuzi yake ya ndani itakatika. Pikipiki isiyo na alamu inapaswa kusoma karibu sifuri. Chomoa chaja uone tofauti. Dawa ni relei, kama tulivyoeleza kwa msambaza vifurushi wa Ihumwa.

Na betri iliyokwishalala tupu wiki mbili usiitegemee kupona kwa kuendesha mpaka Sabasaba na kurudi. Ipeleke ikachajiwe taratibu, kwa sehemu moja ya kumi ya Ah zake: ya Ah 5, nusu ampea kwa saa kumi hadi kumi na mbili.

Wanangu, simu yangu inaonyesha alama ya kuchaji, lakini nikitoka Mpwapwa nikifika Kongwa asilimia zimeshuka. Chaja nimeambiwa ni ya ampea 2. – Mstaafu, Mpwapwa

Shikamoo mzee. Chaja yako huenda inasema kweli. Mwizi ni waya wa USB. Waya mwembamba wa bei rahisi una shaba nyembamba kama uzi. Kwa urefu wa mita moja, kwenda na kurudi, unaweza kuwa na omu 0.4. Ampea 2 zikipita hapo, volti 0.8 zinapotelea njiani, na simu inapokea volti 4.2 badala ya 5. Simu ikiona hivyo inapunguza kunywa mpaka nusu ampea au chini, huku ramani na kioo vikila zaidi ya hapo.

Nunua waya mfupi, sentimita 30 mpaka 50, mnene, ulioandikwa kuwa unabeba ampea 3. Halafu angalia tundu la simu: vumbi la barabara zetu linashindiliwa humo kila unapochomeka, mpaka kichwa hakikai sawa. Zima simu, litoe kwa kijiti cha mbao, usitumie sindano. Jambo la tatu ni joto. Simu iliyofungwa ndani ya kile kifuko cha plastiki kisichopitisha maji, mbele ya jua la saa nane mchana, inachemka, na ikichemka inakata chaji yenyewe ili kulinda betri. Mwezi wa kumi mvua haijaanza. Kiondoe kifuko, upepo uifikie simu. Punguza pia mwanga wa kioo kadiri macho yatakavyokuruhusu, mzee.

Nikichomeka chaja, GPS inapoteza setilaiti. Nikichomoa, zinarudi. Inawezekanaje? – Dereva wa utalii, Kondoa

Inawezekana, na umekwishafanya kipimo ambacho tungekuomba ufanye. Setilaiti za GPS ziko kilomita zipatazo 20,200 juu, na ishara inayofika kwako ni hafifu mno. Kishusha umeme hufanya kazi kwa kukata na kurudisha umeme maelfu ya mara kwa sekunde, na kilichotengenezwa vibaya hupiga kelele za redio zinazofunika ishara hiyo. Ukiwa na redio ya FM karibu utazisikia.

Sogeza kishusha umeme mbali na GPS: kiwe chini ya siti au karibu na betri, na waya wa USB tu ndio ufike kwenye usukani. Sokota pamoja waya mwekundu na mweusi wa upande wa volti 12, na uweke pete ya feraiti (inayomeza kelele za redio) kwenye waya wa USB karibu na GPS. Hilo lisipotosha, badilisha kishusha umeme.

Usichanganye tatizo hili na GPS iliyokaa kabatini miaka. Ile inahitaji kupakua upya taarifa za setilaiti zote kutoka angani, na mzunguko mmoja kamili wa taarifa hizo huchukua dakika 12 na nusu. Iweke mahali pa wazi, isimame, uiache dakika 20. Ukiondoka nayo papo hapo kwenda Kolo kwenye michoro ya mapangoni, itazidi kuchelewa.

Kulehemu kwa risasi au kubana kwa koleo, kipi bora kwenye viungio? – Mwanafunzi wa ufundi, Dodoma mjini

Kubana, kwa koleo lenyewe la kubania. Risasi ikiingia kwenye nyuzi za waya inazifanya kuwa fimbo moja ngumu, na pale ugumu unapoishia ndipo mtikisiko unapokata. Ukilazimika kulehemu, funika kiungio kwa mrija wa kusinyaa unaopita sentimita 2 kila upande, na ukifunge kwa tai kisicheze. Kuzungusha waya kwa vidole na kuzungushia tepu nyeusi tunakukataza moja kwa moja. Gundi ya tepu inayeyuka kwa joto, tepu inateleza, vumbi linanata, na shaba inabaki uchi.

Nina pikipiki ya umeme ya volti 72. Naweza kutumia chaja ile ile ya volti 12 hadi 24? – Msomaji, Kikuyu

Usijaribu. Volti 72 zitaiua mara moja, na betri ya namna hiyo ina nguvu ya kuyeyusha spana. Pikipiki nyingi za umeme zina kishushio cha kiwandani kinachotoa volti 12 kwa ajili ya taa na honi. Mtafute fundi aliyefundishwa pikipiki hizo akutolee umeme hapo, baada ya kusoma kwenye kibandiko kwamba kishushio kina nafasi ya ampea 1 zaidi. Ukiona yako imeshawekewa tundu la USB tangu kiwandani, tumia hilo.

Kamera ya simu yangu imeanza kutetemeka na kukosa kutulia tangu niifunge kwenye usukani. – Bodaboda, Area D

Ni mtikisiko wa injini. Kamera za simu nyingi za siku hizi zina lenzi inayoelea kwenye sumaku ndogo ili picha itulie, na mtikisiko wa mfululizo unaichosha. Kampuni ya Apple ilitoa tahadhari hiyo kwa wenye iPhone mwaka 2021, ikishauri zisifungwe moja kwa moja kwenye pikipiki zenye injini kubwa, na kwa pikipiki ndogo kitumike kishikio chenye mpira wa kumeza mtikisiko. Injini za silinda moja, ambazo ndizo tunazoendesha, hazina upole.

Tafuta kishikio chenye mipira hiyo, ukifunge karibu na shingo ya usukani badala ya kwenye ncha, maana ncha ndiyo inayotikisika zaidi. Kaza upya boliti za kishikio baada ya siku mbili za kwanza, kisha kila wiki. Kama una simu ya zamani ambayo kamera yake huihitaji tena, ifanye hiyo ndiyo ya ramani, na ile nzuri ikae mfukoni.

Na wote mnaofunga kipindi hiki, kabla ya mvua za Desemba: tundu la USB lielekee chini, mfuniko wake wa mpira uwe umefungwa kila lisipotumika, na waya unaoingia ndani yake upinde kwenda chini kwanza kisha upande, ili maji yadondokee kwenye pindo badala ya kufuata waya mpaka ndani. Vipini vya tundu (vile vichuma vidogo vya ndani) vikiwa na rangi ya kijani, maji yamekwishaingia huku umeme ukiwepo. Chomoa fyuzi, vikaushe, na ikiwa vimeliwa badilisha tundu zima, kuvikwangua hakudumu.